Jumapili ya Kinanda, Jumapili ya Ngoma

Kigango chetu cha Nyakato, pale Mwanza, kilikuwa na Mungu mmoja na ratiba mbili. Jumapili moja ilikuwa ya kinanda, inayofuata ilikuwa ya ngoma, na waumini walipishana kama watu wa zamu kiwandani: wewe ukiingia, mimi natoka. Wahaya wa kutoka Bukoba, makarani na walimu na mafundi umeme, walikuja Jumapili ya kinanda wamevaa soksi. Wasukuma wa mitambo ya kiwanda cha pamba walikuja Jumapili ya ngoma pamoja na wake zao, na kama soksi walikuwa nazo, waliziacha nyumbani. Kanisa lilikuwa lilelile, la matofali ya udongo na bati, na mabenchi yaleyale yasiyo na huruma na makalio ya mtu. Ila hukumkuta mtu wa upande huu amekaa benchi moja na mtu wa upande ule.

Isipokuwa mimi. Mimi nilikwenda zote mbili, ndiyo maana wakaniita Popo, yule ambaye ndege wanamwambia wewe panya, na panya wanamwambia wewe ndege. Jina langu la ubatizo ni Privatus. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karani wa stoo kiwandani, na nilikuwa na mdomo ambao mama yangu aliuombea novena bila mafanikio.

"Mungu anavisikiliza vyote viwili," niliwaambia. "Tofauti ni kwamba Jumapili ya kinanda anasikiliza amekaa, Jumapili ya ngoma anasimama kidogo kunyoosha miguu."

Pande zote mbili zilicheka. Kila upande kwa Jumapili yake.

Ratiba hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, Mwalimu Rutashobya, katekista na mwenyekiti wa kigango. Padri alitoka mjini petroli ikipatikana, na mwaka ule wa njaa na unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo kanisa lilikuwa mikononi mwa mjomba. Alifundisha shule ya msingi siku za kazi, Jumapili akapiga kinanda. Kinanda chenyewe kilikuja kwa meli kutoka Bukoba, cha kukanyaga kwa miguu, na vumbi la pamba lilikuwa limekiingia kifuani. Kabla ya kutoa sauti kilivuta pumzi, hiii, kama mzee anayepanda mlima. Mjomba alikipenda kuliko baiskeli yake, na baiskeli yake aliifuta kila asubuhi.

Ngoma ilikuwa ya Mzee Ndalahwa, baba yake Malimi.

Malimi alikuwa rafiki yangu na jirani yangu. Katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda tuligawana ukuta mmoja, yeye akikohoa mimi naitika "pole". Baba yake alikuja kwake baada ya Operesheni Vijiji. Huko Kisesa walimwambia atoke kwenye boma lake ahamie kijijini, apange nyumba kwenye mstari pamoja na wenzake. Mzee akaona ng'ombe hawajui mstari. Akawaacha kwa mdogo wake, akachukua ngoma na kigoda, akaja kwa mwanawe.

Siku ya kwanza alinikuta nje nimevaa raizoni zangu mpya, vile viatu vya soli nene kama tofali. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Akaniangalia kuanzia chini, akagonga ngoma kidogo kwa vidole, akaimba:

"Mtoto wa Bukoba amepanda juu ya tofali, anatafuta nini huko juu, ndizi?"

Malimi akanikanyaga. "Jibu wewe nshomile, msomi wa Kihaya! Kwetu mwimbaji anaanza kwa kukuchokoza. Asiyekuheshimu hakuchokozi, anakupita tu. Na usipomjibu kwa wimbo, umemfungia mlango usoni."

Basi nikakohoa, nikaimba kwa sauti yangu ya kufukuzia kuku:

"Babu wa Kisesa amekalia jiwe, anaatamia nini huko chini, ndama?"

Mzee alicheka mpaka nikaogopa. "Huyu," alimwambia Malimi, "huyu ni mtu." Tangu siku hiyo sikupita pale bila kutukanwa vizuri, na sikupita bila kujibu.

Mzee Ndalahwa alitaka jambo moja tu duniani. Marehemu mkewe, Kashindye, alibatizwa kabla hajafa, akazikwa kwenye makaburi ya Wakristo kule Kisesa, ndani ya ua wa minyaa. Ubavuni pake palibaki nafasi. Aliyetaka kulala humo ndani ilimbidi awe amebatizwa, na mzee alikuwa bado.

"Aliniambia ananisubiri," aliniambia siku moja. "Na Kashindye hakuwa mwanamke wa kusubiri sana. Maziwa tu yakichelewa ilikuwa vita."

Kwa hiyo alijifunza. Odeta, mke wa Malimi, ndiye aliyeongoza nyimbo za Jumapili ya ngoma, na kila alichotakiwa mzee kukijua wakakigeuza wimbo, jioni kwa jioni, yeye akipiga, Odeta akiitikia. Mimi nilisikia yote kupitia ukutani. Kitabu cha katekisimu chenyewe kilimshinda. "Maneno makavu," alisema, "yananikwama hapa kama ugali wa yanga." Lakini ukimpa ngoma, alikutoa kwenye uumbaji akakufikisha kwenye ufufuko bila kukanyaga nje ya njia.

Pasaka ilipokaribia, habari zikaja kwamba padri amepata petroli, atakuja kubatiza. Mjomba akatangaza mtihani wa wakatekumeni, yaani wale waliotaka ubatizo, na akauweka Jumapili ya kinanda, mara baada ya ibada.

"Mjomba," nilimwambia, "kwa nini usiuweke Jumapili yao?"

"Mtihani ni mtihani, Privatus. Hauna Jumapili."

Siku hiyo nyimbo zilikuwa nzuri kweli, nisiseme uongo. Kwaya ya mjomba iliimba kwa sauti nne, na mama mmoja aliyefiwa na mtoto wiki ile alilia kimyakimya mpaka akatulia. Niliona jinsi ule utulivu ulivyomshika mkono. Mzee Ndalahwa naye alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, kanzu imefuliwa, anasikiliza kwa adabu kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Ibada ilipoisha, watu wa soksi wakatoka. Wake wa Kisukuma waliokuja kumsindikiza mzee wakajazana madirishani, Odeta mbele. Malimi alikuwa amebeba ngoma.

"Ngoma ibaki nje," alisema mjomba.

"Mwalimu, bila ngoma baba..."

"Ibaki nje, ndugu Malimi."

Ikabaki nje. Mzee akaketi mbele ya meza, akaweka viganja juu ya mapaja. Mjomba akafungua kitabu, akasafisha koo.

"Nani aliyekuumba?"

Jibu la kitabuni ni la maneno matatu tu, hata kasuku wa Mhindi wa barabara ya Nyerere angelitoa. Lakini ungemjua mzee! Kwake swali kubwa namna ile kulijibu kwa maneno makavu ni sawa na kumpokea mgeni bila kumpa maji. Alinyoosha mgongo. Akamwangalia mjomba kwa macho yaleyale aliyoniangalia mimi siku ya raizoni, macho ya kumwona mtu. Akapiga paja, akaimba, tena kwa Kiswahili, ili mwalimu mwenyewe aelewe:

"Rutashobya, mwana wa migombani, kinanda chako kina pumu! Kipeleke kwa mganga kikanywe mizizi, ndipo uniulize nani aliniumba!"

Madirisha yakalipuka kwa kicheko. Odeta akapiga kigelegele. Malimi akatabasamu, kwa kuwa kwake yeye baba yake alikuwa amemkaribisha mwalimu sebuleni na kumpa kigoda cha heshima.

Mjomba alifunga kitabu.

"Mzee wangu," alisema polepole, na masikio yalikuwa yamewiva, "hapa si kilabuni."

Akasimama. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Na mzee hakunyamaza. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Alifumba macho, na yale yaliyokuwa jibu ndiyo yakaja sasa, kwa Kisukuma, paja likilia badala ya ngoma. Kwamba aliyemuumba ndiye aliyeiumba mvua, na hakuiuliza itanyesha shamba la nani. Kwamba alimtuma Mwanawe, naye akapanda kilima na mti begani, wala hapakuwa na wa kumwambia pole. Kwamba walimlaza kwenye mawe, mawe kama haya yetu ya Mwanza, na alfajiri mawe yakakutwa matupu. Madirishani hakuna aliyecheka tena. Kulikuwa na ubeti mmoja wa mwisho, mfupi, uliomtaja Kashindye.

Kisha mzee akafumbua macho, akasubiri kujibiwa.

Kilichojibu ni mnyororo wa baiskeli ya mjomba ukienda zake barabarani.

Nilimfuata nyumbani mbio, raizoni mkononi. Nikamkuta anafuta kioo cha miwani.

"Mjomba, hakukutukana. Kwao mwimbaji anaanza kwa kumchokoza anayemheshimu. Jibu lilikuwa linafuata. Amejibu yote, mjomba, mpaka ufufuko!"

Akaiinua miwani kwenye mwanga.

"Privatus, katika maisha yako umewahi kusema jambo moja likawa kweli?"

"Hili."

"Wiki iliyopita uliwaambia wanakwaya kwamba padri ameniagiza nipige kinanda kwa viwiko."

Niliwaambia. Nifanyeje? Nilisimama pale na ukweli mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa umekwisha kujiharibia soko.

Lakini mjomba hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa, hadithi ingekuwa nyepesi. Alivaa miwani akasema, bila hasira, "Unajua ngoma ilikuwa nini kwetu Bukoba? Ilikuwa ya mtawala. Ikilia usiku, asubuhi mtu amenyang'anywa kibanja, shamba lake la migomba. Ilimlilia babu yangu. Nilipoingia kanisani mara ya kwanza, mtoto mdogo, kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba hakuna ngoma. Kuna kile kinanda na watu wanaimba taratibu, hakuna anayetisha mtu. Hapo ndipo nilimsikia Mungu. Sasa mnataka nimletee ngoma mlemle ndani?"

Nikasema, "Na mzee Ndalahwa amemsikia kwenye ngoma, mjomba."

"Aje tena baada ya Pasaka," alisema. "Ajibu kwa adabu, nitampokea kwa mikono miwili."

Padri akaja Pasaka, akabatiza wengine, petroli ikamruhusu kurudi, akarudi. Mzee alikaa kwenye jiwe lake kutwa nzima. Nilipita, nikasubiri nitukanwe. Alisema tu, "Habari ya kazi?" Ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Mvua za masika zikamkuta palepale kwenye jiwe. Akapata kikohozi, kikohozi kikageuka kichomi. Zahanati wakampa vidonge na pole. Sasa kupitia ukutani nilisikia kifua chake kikivuta hewa, hiii, na mara ya kwanza nilidhani mtu ameleta kinanda.

"Nenda kamwite mjomba wako," Odeta aliniambia, unga bado uko mikononi. "Mtu akiwa hivi anabatizwa popote, sivyo? Hata bila padri."

"Asije," Malimi alisema. "Kinanda chake akamzikie nacho paka."

"Aje," mzee alisema kutoka kitandani. Ikawa basi.

Njiani nikamweleza mjomba tena, na safari hii, labda kwa sababu nilikuwa nalia, akaniamini. Aliacha baiskeli kwenye mvua. Mlangoni alivua viatu. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, Odeta akakijaza maji.

"Shikamoo mzee."

Mzee aligeuza kichwa. Akamtafuta kwa macho, na nakuapia yale macho ya siku ya mtihani yalirudi.

"Marahaba, mwana wa migombani," alisema, pumzi kidogokidogo. "Ile pumu ya kinanda... imepona?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena, unaelewa? Mtu yuko mahututi na anachokoza mara ya pili, ili ajibiwe. Mjomba akaniangalia mimi. Nikamwashiria kwa midomo: mchokoze, mjomba, sema lolote, mwambie hata yeye ana pumu. Mjomba wangu, aliyewahi kufundisha watoto elfu moja kusoma, alitafuta ndani yake kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Kinanda ni kizima," alisema. "Asante."

Mzee akafumba macho.

"Mzee Ndalahwa, je, unasadiki kwa Mungu Baba mwenyezi?"

"Nilijibu."

"Naomba nisikie mwenyewe. Sema ndiyo tu."

"Nilijibu yote. Wewe ndiye hujajibu."

"Mjomba," nilisema, "hiyo ndiyo 'ndiyo' yenyewe! Mimina!" Lakini mkono wa mjomba haukushuka. Baadaye aliniambia hakuwa na haki ya kummwagia maji mtu anayemdai neno. Pale pale alifanya kitu kingine, na sitamcheka kwa hicho mpaka nife: aliweka kikombe mezani, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akaimba. Aliimba wimbo wake wa Kilatini, ule wa utotoni mwake, taratibu, bila kinanda. Mvua ilikuwa inapiga bati na bado tulisikia kila neno, ingawa hatukulielewa hata moja.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzuri huo," alisema. "Mzuri sana. Ila haunifahamu." Kisha, kama anayeomba maji, "Niimbie wa kwangu."

Mjomba hakuujua. Alikuwa ametoka kabla haujaanza. Akamgeukia Malimi bado yuko magotini. "Ndugu yangu, nifundishe. Nianzishie tu, nitafuata."

Malimi alikuwa amesimama ukutani, ngoma iko miguuni pake.

"Ulishaimbiwa, mwalimu," alisema. "Ulikuwa unapanda baiskeli."

"Malimi!" Odeta alilia. Akajaribu kuanzisha yeye mwenyewe, lakini kilio kilimkatisha kwenye neno la kwanza, na kabla hajapata la pili ile hiii ya kitandani ilikuwa imevutwa na haikurudi.

Kikombe kilibaki mezani. Kesho yake waombolezaji walipoanza kufika, mtu mmoja mwenye kiu akakinywa.

Tulimzika Kisesa, nje ya ua wa minyaa. Kutoka kaburini kwake ungeweza kumrushia Kashindye punje ya mahindi, ila ua ulikuwa katikati. Watu walisema walau amelala jirani. Ngoma zilipigwa mchana kutwa, na mjomba alisimama kando amevaa koti lake jeusi, akisubiri kuona kama kuna atakayempa nafasi ya kuimba chochote, hata kuitikia. Hawakumfukuza. Hakuna aliyemchokoza pia. Walimpita tu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya ngoma. Mlango ulifunguliwa, mabenchi yakakaa wazi mpaka saa sita. Wengine walikwenda makanisa mengine, wengine walibaki nyumbani wakafua nguo. Malimi aliomba uhamisho kiwandani, akapewa, akaondoka na Odeta. Kupitia ukutani nikaanza kumsikia mgeni mmoja anayekoroma.

Mjomba akafuta ratiba. Akatangaza kwamba tangu sasa kila Jumapili ni ya kinanda na ngoma pamoja, kila mtu na aimbe alivyozaliwa kuimba. Aliyatangaza hayo kwa watu wa soksi, ambao waliziangalia soksi zao. Alienda mwenyewe Kisesa akarudi na ngoma mpya nyuma ya baiskeli. Jioni alikuja kwangu kuomba maneno ya ule wimbo. Nikampa niliyoyakumbuka, mvua, mti begani, mawe matupu. Ule ubeti wa mwisho, wa Kashindye, sikuukumbuka. Alirudi mara ya pili na ya tatu kuuliza kama umenijia. Ulikuwa haujanijia. Mpaka leo haujanijia.

Aliupanga kwenye kinanda. Na Jumapili iliyofuata, kwa kuwa hakuwapo mwingine wa kuipiga, alinikabidhi ngoma mimi.

"Mjomba, mimi sijui kupiga."

"Piga tu, Privatus. Usifanye mzaha."

Sikufanya mzaha. Kinanda kikavuta pumzi, mjomba akaanza kumjibu mzee Ndalahwa kwa sauti nyembamba iliyokuwa inaitafuta njia, nami nikapiga. Wahaya walinivumilia. Ngoma ilitoka vibaya, kavu, bila mwitikio, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa wakati wa Operesheni. Tulipofika pale ubeti wa mwisho ulipotakiwa kuwa, mjomba aliinua mikono kutoka kwenye kinanda na kusubiri, akiutazama mlango.

Nikaendelea kupiga kidogo. Halafu nikaacha.